Usiingie kwenye tanki kabla hujaisoma barua hii

Tanga, Jumatano jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama mguu umepona na anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia umepata kazi ya kuchomelea matanki ya maziwa huko Iringa. Chuma cha pua ulikuwa ukikitamani tangu tulipokuwa tunahangaika na mageti na madirisha. Ila pale ulipoandika kwamba kila siku mnafungulia gesi ya agoni ndani ya tanki, na kwamba mkubwa wenu amewaambia haina neno kwa sababu si sumu, usingizi ulinipaa.

Ni kweli si sumu. Hata sasa unaivuta, maana karibu asilimia 1 ya hewa ni agoni. Haiungui, haina rangi wala harufu, haishikani na kitu, na sisi mafundi tunaipendea hapohapo: ikishafunika chuma kilichoyeyuka, oksijeni haifiki na mshono unatoka safi. Upande wa ndani nao unaihitaji. Bila hivyo mshono unaota chengachenga nyeusi kama sukari iliyoungulia sufuriani, maziwa yanakwama humo na vijidudu vinazaliana. Kwa hiyo kuhusu kujaza gesi usimbishie mkubwa wako. Tatizo ni kuingia baadaye.

Piga hesabu mwenyewe. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa presha ya bar 200 ukifunguka wote unatoa kama lita 10,000 za gesi. Tanki lenu la lita 5,000 linaweza kujaa mara mbili kwa mtungi mmoja. Na agoni ni nzito kuliko hewa, kama mara 1.4, basi inatuama chini kama maji kisimani. Tanki lenye mlango juu halijitoi gesi lenyewe.

Sikukusimulia yaliyonipata mwaka juzi, niliona aibu. Kwenye karakana niliyokuwa nafanyia, mtu aliacha mpira wa gesi ndani ya tanki, valvu haikufungwa vizuri. Asubuhi nilipanda ngazi, nikainamisha kichwa mlangoni nione mshono wa chini kwa tochi. Nilivuta pumzi mbili, labda tatu. Hamisi, sikubanwa kifua, sikukohoa, wala sikuhisi chochote kibaya. Nakumbuka mwanga wa tochi ukicheza kwenye chuma, kisha nikajikuta nimelala sakafuni, mzee mmoja amenishika mkanda wa suruali na anaita jina langu. Alikuwa nyuma yangu kwenye ngazi. Ningekuwa nimeangukia ndani, leo mama angekuwa na hadithi nyingine.

Baadaye nilielezwa sababu. Kinachomfanya mtu atapetape akizibwa pumzi ni kabonidayoksaidi kurundikana mwilini. Ukivuta agoni, kabonidayoksaidi inatoka kama kawaida, kwa hiyo mwili hauoni hatari yoyote, huku oksijeni ya kwenye damu inaishia mapafuni. Unazima kama taa. Barakoa ya kuchuja vumbi haisaidii hata kidogo, maana hakuna cha kuchujwa. Kinachokosekana ni oksijeni yenyewe.

Sasa nisikilize kama kaka yako. Mkienda kula, mpira utoke ndani ya tanki na mtungi ufungwe kwenye valvu yake, si kwenye tochi ya kuchomelea tu. Kabla ya kuingia, feni ipulize hewa kwa bomba linalofika mpaka chini. Msipulize oksijeni ya mtungi, nguo zitashika moto kwa cheche moja. Kisha mteremshe kipimo cha oksijeni kwa kamba, msome juu, katikati na chini. Kikionyesha chini ya asilimia 19.5, hakuna anayeingia, hata mteja awe amesimama mlangoni. Nje abaki mtu mmoja asiye na kazi nyingine, ameshika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wako. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Najua roho yako, ndiyo maana nasisitiza: mvute kwa kamba, ita watu, puliza hewa. Watu wengi wamekufa kwenye matanki kwa kuingia kuokoa wenzao.

Gesi yenyewe siichukii. Unakumbuka Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai tuliyemsoma shuleni? Umri wake wa miaka milioni 1.75, uliotangazwa mwaka 1961, ulipatikana kwa kupima agoni iliyonaswa kwenye miamba ya volkano ya pale. Nilipolijua hilo nilifurahi siku nzima.

Kipimo changu cha oksijeni nakiweka kwenye basi la Jumamosi, nimekibadilisha betri. Kiwashe kwanza nje, kwenye hewa safi, kisome 20.9. Kisiposoma hivyo nipigie kabla hujafanya lolote.

Ni mimi rafiki yako,
Saidi