Damu haikutoka, lakini mshipa ulipigwa

Mhariri,

Mtu akitaka kujua yaliyompata mjukuu wangu, na atembee naye ufuoni maji yakishakupwa. Mguu wa kulia huacha unyayo mzima kwenye mchanga, kisigino na vidole vyote. Wa kushoto huanza kwa mfuo, kama kijiti kilichoburutwa, ndipo unyayo ufuate. Mfuo ule ni wa ncha ya kidole gumba. Wayo wake wa kushoto haunyanyuki. Ana miaka 5.

Ramadhani iliyopita alishikwa na mafindofindo na homa huko kwao kisiwani Pate. Mama yake akampeleka duka la dawa, akadungwa tako la kushoto. Mtoto alipiga ukelele, akashika ugoko akisema moto unapita mguuni hadi chini. Asubuhi wayo ulikuwa umelegea. Binti yangu aliporudi dukani aliambiwa na kijana aliyemdunga, "Dada, nilivuta bomba kwanza, damu haikutoka. Mshipa sikuupiga."

Nimekuwa muuguzi miaka 31, na naamini yule kijana alisema kweli kwa kadiri aelewavyo. Neno lenyewe ndilo lililompoteza. Mshipa kwetu ni ule unaopeleka damu, ni ule unaoirudisha, ni ule wa fahamu, na hata maradhi ya wanaume tunayaita mshipa. Kuvuta bomba huonyesha kama ncha imeingia kwenye mshipa wa damu, basi. Neva, yaani mshipa wa fahamu, haina damu ya kuvutwa. Sindano yaweza kukaa katikati yake na bomba likabaki safi.

Na neva ipitayo takoni si uzi. Ndiyo nene kuliko zote mwilini. Kwa mtu mzima, inapotokea takoni upana wake hukaribia kidole gumba. Hutoka kiunoni, ikapenya chini ya msuli mdogo uliojificha ndani ya tako, kisha ikashuka kati ya mfupa tunaoukalia na kile kigongo cha mfupa wa paja unachokigusa ubavuni. Huteremka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika. Tawi moja huendesha misuli ya kukanyagia. La pili huzunguka upande wa nje wa goti likaja mbele ya mguu, nalo ndilo linyanyualo wayo. Nyuzi za tawi hili la pili, tangu kule juu takoni, hukaa upande wa nje, na ndizo zinazoumizwa zaidi na sindano.

Sisi tulifundishwa kuligawa tako mafungu 4 kwa mistari inayokatana, tudunge fungu la juu la nje, nami nilifanya hivyo miaka mingi. Lakini mtoto aliyekondeshwa na homa hana nyama pale. Anafurukuta mapajani mwa mamake, suruali imeteremshwa nusu, na fungu linaloonekana la juu kumbe ni la kati.

Paja lipo. Kila mama wa Lamu aliyepeleka mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ameona chanjo zikidungwa pajani, upande wa nje. Pale katikati ya paja kuna msuli mnene tangu uchanga. Mshipa mkubwa wa damu hupita kinenani ukashuka kwa ndani, na ile neva kubwa iko nyuma. Basi kwa nini mtoto yuleyule, akiugua baadaye, apinduliwe kifudifudi?

Tena mafindofindo mengi hayataki sindano hata kidogo. Yakihitaji dawa, ya maji ya kunywa yatosha. Ila kina mama zetu hawaamini mtoto ametibiwa mpaka alie. Nawasihi wamwambie mdungaji, "Kama ni lazima, mdunge pajani." Na wanaokagua maduka ya dawa visiwani wahakikishe kwamba asiyesomea kudunga hashiki sindano.

Neva iliyoumia, ikijaliwa kuota tena, huenda kama milimita 1 kwa siku. Nilimpima kwa utepe wa cherehani: kutoka takoni hadi chini kidogo ya goti, sentimita 32. Hizo ni siku 320. Amevalishwa kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, na kila baada ya alasiri namlaza jamvini nikaunyoosha wayo taratibu, kano ya kisigino isije ikakaza.

Sasa tumo mwezi wa 11 tangu adungwe. Juzi nilimwekea kidole kwenye nyama iliyo kando ya ugoko, chini ya goti, nikamwambia avute vidole vije kwake. Wayo haukusogea. Lakini nyama ilicheza chini ya kidole changu, mara moja, kisha tena. Nikamwita mamake aje aiguse.

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu