Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi: dirisha la methadoni lifunguliwe alfajiri

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mlango Kubwa. Nina kibanda cha uji na mahamri karibu na steji. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alivuta unga, yaani heroini, miaka kumi na moja. Leo ana miezi kumi na minne hajaugusa. Nakuandikia kuhusu dirisha la kliniki analochukulia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ambalo hufunguliwa wakati mtu wa kibarua ameshachelewa.

Nami zamani nilidhani teja ni mtu wa kutafuta raha. Kisha nikalala naye chumba kimoja usiku wa arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga. Machozi na kamasi havikatiki, tumbo linaendesha, vinyweleo vimesimama mwili mzima, miguu inapiga godoro hadi kunakucha. Miaka ya kwanza alivuta apate stimu. Baadaye alivuta ili aweze tu kusimama na kuoga.

Mara tatu tulimlipia kituo cha kurekebisha tabia, na mara ya pili mama aliuza ng'ombe. Kila mara alitoka amenenepa, anacheka, na kila mara alirudi maskani, kule wanakovutia. Hiyo ya tatu nusura tumzike. Mwili wake ulikuwa umeshapoteza uzoefu wa unga, lakini yeye akarudia kipimo chake cha zamani. Hakuna aliyetuonya kwamba mtu aliyetoka kukaa bila unga ndiye aliye karibu zaidi na kufa akiurudia.

Methadoni ndiyo iliyomshika. Nchini imekuwepo tangu 2014, ikianzia hapa hapa Nairobi, hospitali ya Mathari, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anainywa mbele ya muuguzi, inazuia arosto siku nzima, na akili inabaki yake. Majirani huniuliza, "Si amebadilisha tu unga kwa unga?" Mwaka juzi aliiba sufuria yangu ya uji akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwezi uliopita alininunulia nyingine, kubwa kuliko ile, kwa pesa za mjengo. Huwaonyesha hiyo sufuria.

(Methadoni haimsaidii jirani yangu wa chang'aa, dawa yake ni nyingine. Naye asiambiwe aache ghafla akiwa peke yake: mlevi wa miaka mingi akikatiza pombe bila daktari anaweza kupata degedege na kufa.)

Sasa dirisha. Mjengoni fomeni huandika majina saa moja asubuhi. Dirisha hufunguliwa saa mbili, na foleni ni ndefu. Kila siku kijana huyu anachagua kati ya dawa na unga wa ugali. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wetu anaulizwa nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, kisha anaambiwa atafute kazi ajitegemee.

Halafu kuna msako. Alikamatwa akitoka kunywa dawa, kwa sababu ya makovu ya mikononi. Akalala seli siku nne bila dozi. Alipoachiliwa, kliniki ililazimika kumshusha dozi na kumpandisha polepole, maana kumrudishia ile ya awali ingeweza kumuua. Wiki mbili nzima arosto ikimnong'oneza, na maskani iko hatua mia tatu kutoka mlangoni petu. Hakwenda. Wenzake wawili waliokamatwa naye walikwenda.

Najua askari hawako chini yako. Lakini Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za afya, na mgonjwa aliye seli bado ni mgonjwa wako. Keti na wakuu wa vituo vya polisi, mkubaliane dozi imfikie mtu aliko. Na walio imara muda mrefu waruhusiwe kubeba dozi ya Jumapili nyumbani, kwa masharti mtakayoona yanafaa.

La dirisha halihitaji hata kikao. Lifunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kibanda changu huwa wazi tangu saa kumi na moja, na muuguzi atakayepangiwa zamu hiyo, uji wake ni juu yangu.

Wako,
Dada wa mgonjwa, Mlango Kubwa