Michezo ipo, Mhariri, kinachokosekana ni kadi

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu kwamba vikundi vya maigizo vya Unguja na Pemba vinarudia michezo ile ile kwa sababu hakuna mipya imenitoa kwenye ukimya wa miaka mingi. Mipya ipo tele. Imo mikobani mwa walimu, imo kwenye simu za vijana, na mingine imechapishwa inauzwa. Isichokuwa nacho ni maelezo ya kumwezesha kiongozi wa kikundi kuamua, kabla chai haijapoa, kama anauweza au hauwezi.

Fungua tamthilia yoyote. Utakuta majina ya wahusika, basi. Muda wa mchezo huambiwi, wala nani anaweza kubeba nafasi mbili. Inabidi usome wote kwa sauti, saa mkononi, kisha uongeze robo ya muda huo kwa kuingia, kutoka na kucheka kwa watazamaji. Wahusika 12 wanaweza kuchezwa na watu 7, lakini kwanza chora jedwali la maonyesho, yaani sehemu za mchezo, uone nani hakutani na nani, na anayetoka na kanzu akarudi na suti umwachie angalau kurasa mbili za wenzake kuzungumza. Wasiochora hugundua wiki ya mwisho kuwa marehemu na muuaji wake ni mtu mmoja.

Kwenye michezo ya nyimbo ndiko presha inakopanda. Kitabu kinasema "wanaimba", kinapanga beti tatu, mahadhi hakuna! Mahadhi kabaki nayo mtunzi kichwani. Ukimpata, anakuimbia kwa simu, sauti yake nene ya kiume, na wewe mwimbaji wako ni msichana wa darasa la saba. Unaupandisha wimbo, mpiga udi anafuata, mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, anakodoa macho, kwa sababu nai moja haifai kila sauti na aliyonayo ni hiyo moja. Kikundi kimoja cha skuli huko Pemba kilipewa mswada wa fotokopi ambao ukurasa wa 31 na wa 32 haumo, pamoja na flashi ambayo nyimbo zote nane zimeunganishwa faili moja. Msichana akachelewa pumzi mbili kuingia, muziki ukaenda zake, na kutoka hapo hadi mwisho kila wimbo ukaanza mahali pasipo pake. Muziki wa kurekodiwa haumsubiri mtu. Kila wimbo uwe faili yake, ipewe namba, nakala ya pili iwe kwenye simu, na fundi wa sauti awe na mswada mkononi aliotia alama kwa kalamu nyekundu. Wamarekani wanaokodisha michezo ya nyimbo, kama kampuni ya Music Theatre International ya New York, humpa anayekodi mswada na nota, na baadhi ya michezo ina toleo fupi la skuli la kama saa moja. Bei zao sizitamani, utaratibu nautamani.

Ruhusa nayo tunaichezea. Kununua kitabu si kununua haki ya kuuonyesha mchezo, na ruhusa ya maneno si ruhusa ya nyimbo. Kama mwenye mahadhi ni mwengine, naye aombwe. Sheria ya Hakimiliki ipo Zanzibar tangu 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo. Utasikia "Shakespeare kafa 1616, wa bure huyo." Sawa, lakini Kiswahili ulichokishika ni cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, na tafsiri ina mwenyewe.

Halafu, Mhariri, mgeni rasmi. Pale Ngome Kongwe hakuna paa, kwa hiyo masika huwezi, na huanzi mpaka Isha imeswaliwa. Kikundi kiko tayari saa mbili na nusu. Mgeni anaingia saa tatu na nusu, hotuba zinafuatana, kisha mshereheshaji ananong'ona: "Fupisheni kidogo." Afupishe nani, na wapi? Hukatwa onyesho la mwisho, watu wakaenda nyumbani wasijue bibi harusi kaolewa na nani.

Nashauri kabati mbili: moja Maktaba Kuu Maisara, moja Chake Chake. Ndani, kadi ngumu moja kwa kila mchezo, ya manjano kwa maigizo, ya kijani kwa michezo ya nyimbo. Iandikwe: dakika, wanawake, wanaume, idadi ndogo kabisa ya waigizaji, vyombo, sauti ya kila wimbo (ya juu au ya chini), ada, na namba ya mwenye mchezo. Nyuma yake, kwa herufi kubwa, yaandikwe maonyesho yanayoweza kukatwa mgeni rasmi akichelewa. Ufunguo apewe mtu ambaye hajawahi kualikwa kuwa mgeni rasmi popote.

Mzee wa Pazia,
Mikunguni, Unguja