Ganda sio risasi, na kitako chake kuna siku kinadanganya

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salaam tu.

Mi msomaji wenu wa kwenye simu, niko Houston, Texas, mwaka wa tisa huu naendesha lori, na gazeti lenu ndo nalisoma nikiwa nasubiri kupakiwa mzigo. Juzi mmeandika "zimeokotwa risasi 11 zilizotumika", picha inaonyesha maganda matupu yamepangwa mezani, halafu chini yake mkaandika kwamba aina ya bunduki imejulikana kwa maandishi ya kwenye kitako cha ganda, pale nyuma. Sina ugomvi na mwandishi wala na polisi, ila hapo pana makosa mawili, na hilo la pili ndo limenikalisha kuandika barua saa sita ya usiku, mke wangu ananicheka.

La kwanza ni dogo. Risasi iliyotumika imeshaondoka bana, iko kwenye mti au ukutani, Mungu apishe mbali iwe kwenye mtu. Kinachobaki chini ni ganda, lile kopo dogo lililobeba baruti. Nimekulia Liwale, baba alikuwa askari wa wanyamapori, anatumwa kufukuza tembo kwenye mashamba ya watu, na risasi alikuwa anapewa kwa hesabu, akirudi anarudisha zilizobaki pamoja na maganda ya zilizopigwa, likipungua ganda moja anakaa chini kuandika maelezo. Nakumbuka siku moja alitubeba mimi na kaka twende tukapekue mpunga wa watu, tumeinama tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa ajili ya ganda moja tu, kaka ndo akalikanyaga ndani ya maji ya jaruba. Ndo maana nikiona mtu anaandika risasi badala ya ganda nawaza ule mgongo ulivyoniuma.

Sasa hilo la pili. Jirani yangu hapa ni mzee mstaafu, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mwindaji wa nguruwe pori, maana huku nguruwe pori wamekuwa janga wanafukua mashamba na wenye mashamba wanashukuru ukiwapunguza. Mzee hanunui risasi za nguruwe, anazitengeneza mwenyewe gereji, na sheria ya huku inamruhusu (kwetu ukikutwa na vitu hivyo bila kibali hiyo ni kesi, msijaribu). Anakwenda uwanja wa kulengea shabaha anarudi na ndoo ya maganda, anapitisha sumaku juu yake, yanayonasa ni ya chuma anatupa, yale ya njano yanabaki. Ile njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, sehemu 70 kwa 30, na uzuri wake ni kwamba inavutika bila kupasuka, ukiipasha moto kidogo pale mdomoni inalainika tena.

Kwenye ndoo anachagua maganda ya .223 (hizi namba za nukta ni majina ya aina za risasi), ambayo ndo yamejaa kuliko mengine. Hilo ganda lina urefu wa karibu milimita 45 na linabeba kichwa, ile ncha inayoruka, chembamba kisichofika milimita 6. Mzee analikata linabaki karibu 35, analisukuma kwenye kalibu ya chuma, shingo mpya inatokea pale ambapo zamani palikuwa tumbo, na mdomo sasa unabeba kichwa cha milimita 7.8. Limeshakuwa ganda la risasi nyingine kabisa inaitwa .300 Blackout, ilisajiliwa rasmi Marekani mwaka 2011. (Hapo kwenye kalibu nilicheka peke yangu, maana wanaojua lugha wanasema hata hilo neno kaliba la wazungu, yaani upana wa risasi na mtutu, limetoka kwenye neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi kalibu.)

Ila kitako hakijaguswa Mhariri! Pale nyuma bado pameandikwa .223. Na kama ganda lilitoka jeshini ndo kabisa, nimeshika moja lina herufi LC na namba 14 na ile alama ya NATO ya msalaba ndani ya duara, basi. LC ni kiwanda cha Lake City kule Missouri na 14 ni mwaka, kaliba haijaandikwa popote. Kwa hiyo mtu akisoma kitako peke yake anasoma jina la ujana la mtu aliyeshabadili jina.

Na hii sio ya kuchekesha. Mwaka juzi mzee alinialika uwanjani, ana bunduki mbili zinafanana kama mapacha, moja ya .223 moja ya Blackout, na magazini zao, yale makasha ya kuwekea risasi, ni zile zile. Mimi nikashika magazini nikataka kuiweka, mzee akanishika mkono hasemi kitu. Akatoa risasi moja akanionyesha mdomo: nene. Ganda la ile risasi nene ni fupi, kwa hiyo risasi inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kichwa kinazuiwa mwanzo wa mtutu na kurudishwa ndani ya ganda, ukivuta kifyatulio moto unakosa pa kutokea na bunduki inapasuka usoni kwako. Mikono ilinitetemeka mpaka nikaenda kukaa kwenye gari. Siku hizi magazini za Blackout kazifunga utepe mwekundu.

Wala msidhani ni mambo ya gereji tu, viwanda vyenyewe vimezaa hivyo hivyo. .270 ya 1925 ni ganda la .30-03 lililobanwa mdomo, .243 ya 1955 ni ganda la .308. Hata .458, ile aliyokuwa anabeba baba, iliyotoka 1956, mzee ndo kaniambia asili yake ni ganda la .375 la Waingereza la mwaka 1912, likafupishwa likanyooshwa. Nimempigia baba simu kumwambia, akanyamaza kidogo akasema "kumbe", halafu akauliza lini natuma hela ya bati.

Na mkiwa mnarekebisha hayo, rekebisheni na "risasi za 7.62". 7.62 zipi? Ile ya SMG, yaani AK-47, ganda lake lina milimita 39, ya NATO lina 51, huwezi kuweka moja kwenye bunduki ya nyingine, lakini gazetini zote mnaziita jina moja.

Ninachoomba ni kidogo tu, mpiga picha wenu akienda tena apige kitako na apige na mdomo, aweke na rula pembeni, mi nitajisomea mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mtoto wa Liwale, Houston