Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaandikia ukurasa mmoja na wengi mkanishukuru kwa ufupi. Mwaka huu mnivumilie, kwa sababu tangu Machi meza zetu hazijazungumzia kitu zaidi ya pini za bolingi, zile kumi tunazoziangusha kwa mpira.

Kwa waliojiunga karibuni: ukumbi tunaochezea hapa Worcester, jimbo la Massachusetts, uling'oa mashine zake za zamani za kupanga pini mwezi huo ukaweka mashine za kamba, zinazoinua pini kwa kamba. Pini za mbao nazo zikaondoka, zikaja za plastiki tupu. Mabadiliko mawili yalitufikia siku moja, kwa hiyo alama ziliposhuka kila mtu alijichagulia mchawi wake. Wengi wenu mlimchagua plastiki. Mimi nadhani mmemwonea.

Wiki ya mwisho ya mashine za zamani, fundi wa ukumbi alituruhusu watu wanne kupita nyuma ya leni, yaani njia za mpira. Kelele za kule ni za kusaga mahindi. Mpira ukishagonga mto wa nyuma, ufagio wa chuma unashuka kusukuma pini zilizolala, mkanda unazipeleka kwenye gurudumu linalozipandisha juu moja moja, kisha kila pini inaelekezwa kwenye kikombe chake mpaka zitimie kumi. Ndipo meza nzima inateremka na kuzisimamisha taratibu, utadhani mama anaweka mayai sokoni. Kila leni ilikuwa na pini zaidi ya 20, ili hizi zikipigwa nyingine ziwe zinapangwa. Ukoo wa mashine hizo unaanzia kwa Fred Schmidt wa jimbo la New York. Kampuni ya AMF ilichukua uvumbuzi wake na kuuonyesha Buffalo mwaka 1946. Kabla ya hapo pini zilipangwa na wavulana waliokaa huko huko nyuma, miguu juu, wakiomba mpira usiwapate.

Fundi alitupatia pini iliyokufa, shingo imepasuka. Ndani mlikuwa na vipande vya mti wa mepo vilivyounganishwa kwa gundi. Nje, ngozi nyeupe ya plastiki. "Kumbe hata hii ni plastiki!" alisema mzee wetu mmoja, naye hakukosea sana. Miaka yote hiyo mpira wetu ulikuwa ukigusa plastiki. Tofauti iko moyoni mwa pini. Mepo ni mti, na miti hailingani, kwa hiyo pini ya mbao huachiwa matundu tumboni ili uzito wake usizidi kiwango, ambacho ni kama kilo moja na nusu na ushei. Ya plastiki hutoka kiwandani zote sawa, haichaniki nyuzi, nayo hudumu. Nimezigonga zote mbili kwa kifundo cha kidole. Ya mbao inajibu kwa sauti nene, ya plastiki inajibu kama jagi tupu. Sauti hiyo siipendi, lakini sauti haiangushi pini wala haiibakishi.

Kamba ndiyo inayofanya hivyo. Kila pini sasa imefungwa kichwani. Ukitupa, mashine inavuta zote juu na kuzirudisha zile zilizokuwa bado zimesimama. Zinatosha pini kumi tu, umeme unapungua, na hakuna anayelazimika kushinda huko nyuma na spana. (Fundi wetu sasa anaitwa siku mbili kwa wiki. Hilo halimo kwenye tangazo la ukumbi, nami naliandika hapa.) Ila pini iliyofungwa haina uhuru. Yule mjumbe wetu tuliyemzoea, pini inayobingirika kutoka upande mmoja ikavuka kwenda kuiangusha ya kona, sasa anakatwa safari katikati.

Tena kamba hutoa zawadi pia. Mechi ya Juni mnaikumbuka: mpira umeshapita, pini ya kumi imesimama wima haijaguswa na kitu, kamba ya jirani yake ikaikumbatia na kuilaza. Straiki, zote kumi kwa mpira mmoja! Mpigaji mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mpinzani wake alikataa kutia sahihi kwenye karatasi. Kamati iliamua kwamba kinachoonyeshwa na mashine ndicho kinachoandikwa. Uamuzi huo haukumfurahisha mtu, mimi nikiwemo.

Shirikisho la bolingi la Marekani, USBC, lilipopima jambo hili liliona wachezaji wanapungukiwa na pini kama 10 kwa mchezo kwenye kamba, na mwaka 2023 likaufanya mchezo wa kamba kuwa kundi la peke yake. Kamati inapendekeza nasi tufanye hivyo: rekodi za kabla ya Machi zifungwe zilivyo, na daftari jipya lianze. Tutalipigia kura.

Oktoba tulitoka kwenda kucheza pini za mshumaa, mchezo uliozaliwa mji huu huu wetu mnamo 1880. Pini ni nyembamba, mpira unaenea kiganjani na hauna matundu, unatupa mara tatu, na pini zilizoanguka haziondolewi, unaweza kuzigonga zikuangushie nyingine. Wenyeji wanaziita hizo zilizolala "mbao" mpaka leo, ingawa zimekuwa za plastiki tangu zamani. Hakuna binadamu aliyewahi kupata 300, yaani alama kamili, kwenye mchezo huo. Rekodi ni 245, ya Ralph Semb mwaka 1984, ikafikiwa na Chris Sargent mwaka 2011. Bingwa wetu alirudi nyumbani na 71 na tangu siku hiyo haongei sana.

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, hatuna deni. Ada haipandi. Nafasi ya Katibu iko wazi, na tafadhali asipendekezwe mtu ambaye hayupo ukumbini.

Pini zote mbili, ya mbao iliyopasuka na ya plastiki, zitakuwa mezani siku ya mkutano. Kila mtu azishike, azigonge, ndipo tupige kura. Na yule aliyeondoka na viatu vya ukumbi Desemba, namba tisa, wa kushoto una gundi, avirudishe.

Mwenyekiti wenu