Kaka, lile daftari la rambirambi unalo bado?

Kaka,

Miezi tisa sasa tangu tuanue tanga la baba. Nimekuandikia WhatsApp mara nne, tiki za bluu naziona, jibu hakuna. Nikipiga anapokea wifi na kuniambia uko shambani, hata saa tatu usiku. Haya, nakuandikia hapa ambapo kila mtu anapita. Mwanao husoma ninayoandika huku na najua atakusomea, maana yule hajawahi kukaa na neno tumboni tangu utotoni.

Kwanza hali. Mimi mzima. Malaria ilinilaza siku nne mwezi uliopita, ikaondoka. Mvua zimeanza tena, na Sudan Kusini mvua zikianza hakuna habari nyingine. Udongo huu mweusi unageuka ugali, gari linazama mpaka mlangoni, na safari ya kwenda Rumbek mjini, ambayo kiangazi ni saa mbili, inakula siku nzima au isiwepo kabisa. Hili nalisema makusudi. Nitalirudia.

Kipindi kile bado tunaongea uliniuliza: huko unafanya nini hasa kutwa nzima? Nikakujibu "nafundisha", ukaguna. Basi sikiliza.

Naamka saa kumi na moja na nusu. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, mlinzi anaigonga kwa kipande cha nondo. Misa ni ya anayetaka, na wengi wanataka. Sijui kama ni imani au ni uji wa mtama unaofuata. Kisha gwaride, sala, darasani. Nina wanafunzi sabini na wawili na vitabu vya Kiingereza kumi na tisa. Vijana wenye chale kwenye paji la uso, wakubwa kuliko mwanao, wako darasa la sita na magoti hayaingii chini ya dawati. Walizaliwa vita, wakakulia kwenye kambi za ng'ombe, na shule wameianza pale walipoipata.

Ukiita majina ni kama umeingia zizini. Kina Mabior, kina Malual, kina Macar. Ilinichukua muda kujua kwamba hizo ni rangi za mafahali: mweupe, mwekundu, mweusi. Baba angecheka sana, yeye aliyewapa ng'ombe wake majina ya mawaziri.

Nyumbani wanaongea Kidinka. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikashika Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini watu wengi wazima walikuwa wamesomeshwa kwa Kiarabu. Mwenzangu wa hesabu ni mmoja wao. Usiku anakariri maneno ya Kiingereza kwa kurunzi, asubuhi anayaandika ubaoni, na nikipita dirishani ananitazama kama mtoto anayesubiri vema. Halafu wapo waliokulia Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya. Hao ndio jamaa zangu. Siku ya kwanza kabisa, nimesimama mbele ya darasa na hofu yangu, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, si utupee chaki ingine, hii imeisha." Nusura nilie. Kiswahili cha Kenya, sawa, lakini Kiswahili.

Mchana ni asida, ugali wao wa mtama, na mchuzi wa bamia kavu unaovutika kama gundi. Jioni nasahihisha, nachota maji kwenye pampu nikisubiri zamu nyuma ya madumu ya kijiji kizima, nalala. Jumapili napanda kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unapopatikana, natafuta kama umenijibu.

Na malipo, kwa kuwa najua unasubiri nifike hapo: chumba, chakula, na posho ambayo kwa mwezi haifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Sikukuficha tangu mwanzo. Niliposaini ile miaka miwili nilikwambia ni kujitolea, ukasema "watakuongeza tu". Kaka, hakuna wa kuniongeza. Walimu wa serikali wenyewe wanakaa miezi bila kuuona mshahara.

Sasa lile daftari.

Simu yako ilinikuta juu ya kile kichuguu, Jumapili jioni. Ukasema baba ametutoka, mazishi Jumatano. Nikaondoka alfajiri. Lori likazama mara ya kwanza kabla jua halijapanda, mara ya pili tukalala hapo hapo siku mbili, watu tumekaa juu ya magunia na mvua inatupiga. Tiketi za kutoka Rumbek kwenda Juba, Juba mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Dar, zote ni mkopo wa parokia. Kisha basi. Jumatano mnamzika mimi niko Rumbek nasubiri ndege. Nimeshuka stendi ya Songea Jumapili, viatu bado vina tope la huku, nikafika nyumbani mmeshaketi.

Nakumbuka kila kitu. Turubai la bluu limefungwa kwenye mwembe. Wewe umevaa koti la baba, lile la kahawia lililochanika kwapani, na kwako lilikuwa linabana. Mama ameniona, akataka kuinuka, shangazi akamkalisha. Nikakaa mkekani na wanawake. Ukaendelea kusoma michango. Jumuiya ya Mtakatifu Kizito, laki moja na arobaini. Shangazi, elfu ishirini na mzigo wa kuni. Jirani, debe mbili za mahindi. Mpaka yule mzee asiye na kitu uliyemtaja, "amechimba kaburi tangu asubuhi", na watu wakamshukuru. Kila mtu alipewa heshima yake.

Ukafika kwangu. Ukavua miwani, ukaifuta kwa pindo la koti la baba, ukaivaa tena. Ukasoma: "Mwalimu wetu wa Sudani..." Ukanyamaza kidogo. "Sala."

Mjomba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wengine wakakohoa. Mama akainamisha uso. Wewe ukafungua ukurasa mwingine.

Ungesema "hajatoa". Ungeniruka. Ungesema nimefika kwa tabu, ambayo ni kweli na tope lilionekana. Lakini ulikuwa umeliandika kabla sijafika, kaka. Nililiona baadaye, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wako ule wa kulalia kushoto. Hukuteleza ulimi. Ulikaa ukalitafuta neno.

Usiku ule nyuma ya jiko ndipo tulipoharibu kabisa. Nilikwambia baba alijifunza useremala Peramiho kwa bruda Mjerumani, kwamba Wabenediktini, watawa wenye monasteri yao kubwa, ile abasia, wako pale tangu 1898, kwamba wote wale waliacha kwao wakaja kufundisha watoto wa watu, na meza tunayolia juu yake leo imetokana na hao. Nilidhani nimekushika. Ukatema mate pembeni, ukasema: "Wale walikuwa na abasia nyuma yao. Wewe una mimi." Halafu: "Mcheza kwao hutunzwa. Wewe umekwenda kucheza kwa watu, unataka nani akutunze?"

Nimelibeba hilo la abasia mpaka leo na sijalipatia jibu. Ni kweli. Najua mabati arobaini yalikuwa yameshalipiwa nusu, ukarudi dukani ukaomba fedha yako ili niende chuo cha ualimu. Najua wifi alikaa misimu mitatu chini ya nyasi zinazovuja. Sijasahau, ingawa umeamua kwamba nimesahau, na umewaambia watu hivyo.

Huku ninapoishi kuna habari ambayo kila mtu anaijua. Padre Christian Carlassare, Mwitaliano, aliteuliwa kuwa askofu wa Rumbek. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 2021, kabla hata hajawekwa wakfu, watu wenye bunduki wakamwingilia nyumbani wakampiga risasi miguu yote miwili. Akasema amewasamehe. Machi 2022 akawekwa wakfu hapa hapa Rumbek, na Papa Fransisko alipokuja Juba Februari 2023, askofu huyo alikwenda na vijana kwa miguu kutoka Rumbek mpaka Juba. Kwa miguu ile ile. Watu wakisimulia mimi huangalia chini. Wewe hukunipiga risasi. Ulisoma neno moja kwenye daftari la shule la kurasa mia, na miezi tisa imenishinda.

Nikuambie jambo ambalo sikupanga kulisema hapa.

Mwezi wa tatu binti mmoja wa darasa langu hakuja siku tatu. Ni mzuri wa Kiingereza, anakaa dawati la mbele kwa sababu macho yake ni mabovu. Siku ya nne akaja kaka yake, mrefu kama walivyo, fimbo mkononi, akasimama mlangoni. Posa imeletwa, ng'ombe wamekubaliwa, amekuja kuchukua vitu vya dada yake. Nikatoka nje na hotuba yangu tayari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008, umri wake, kipaji chake. Kijana akanisikiliza yote. Kumbe amekaa Kakuma. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili: "Mwalimu, mimi sikusoma ndio huyu asome. Nilibaki na ng'ombe. Sasa niko na miaka ishirini na sita. Nitaoa na nini?"

Kaka, nilisikia sauti yako. Nilisimama pale jua la saa nne linanichoma utosini, na hotuba yote ikaniisha. Huku ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka. Yule kijana alikuwa anadai mabati yake.

Padre na chifu waliwaita, wakakaa chini ya mti kutwa nzima, ikakubaliwa binti angoje afanye mtihani wa darasa la nane. Amerudi darasani. Mpaka lini, sijui. Na yule kaka hunisalimia tukikutana njiani, kwa heshima kabisa, na mimi kila mara nashindwa kumtazama machoni. Nilikuwa sahihi siku ile, na yeye pia alikuwa anadai kitu cha haki. Sikupata pa kuyaweka mambo hayo mawili yakakaa pamoja.

Sasa kuhusu mwanao. Nasikia unataka kuuza shamba la bondeni upate ada ya chuo cha afya. Usiuze. Lile ndilo linalotoa mahindi mwaka mvua zikikatika, na baba aliligombania miaka mingi. Mtoto akae mwaka mmoja, alime nawe, mtafute chuo cha serikali, aombe mkopo kama wengine wanavyoomba. Usimpigie kelele mbele ya wadogo zake. Yule ukimpigia kelele anafunga mlango, kama mimi.

Najua utakachosema. Anayezuia kuuza na alete yeye. Sina. Mkataba wangu unaisha Desemba na nitaomba ajira nyumbani, na mshahara wa kwanza utakuja kwako, nimeshamwambia mama. Lakini sitaondoka kabla ya Desemba ili tu uwe umeshinda. Sabini na wawili, kaka. Nikiondoka katikati ya mwaka, mwenzangu wa hesabu ndiye atakayebeba na Kiingereza, kwa kurunzi yake. Wewe ungeacha shamba katikati ya palizi? Hata kwa kuitwa na mdogo wako? Usinijibu. Najua usingeacha, wewe ndiye uliyenifundisha kumaliza mstari wangu kwanza ndipo nikanywe maji.

Na moja la mwisho, ambalo ningepaswa kulisema palepale mkekani.

Jioni ile niliposhuka kwenye kichuguu nikilia, habari ikazunguka kabla sijafika chumbani. Kamati ya wazazi wakaja wakakaa nami nje usiku kucha, bila kuongea sana. Usiku wa manane wakaleta mbuzi. Watu ambao watoto wao wanakuja shule kwa ajili ya uji. Wakamchinja kwa ajili ya baba, mtu wasiyemjua, wakala pamoja nami, na nyama iliyobaki wakaichoma na kunifungia kwenye mfuko wa plastiki. Siku zile mbili lori limezama, ndicho nilichokula.

Kwa nini sikusema mlipokuwa mnacheka? Koo liliziba. Na pia, acha niseme ukweli, nilitaka ukosee. Nilitaka uwe umekosa mbele ya watu wote na mimi nijue peke yangu.

Mama anasema daftari liko kwenye kabati lake, chini ya vitenge. Siku ukiwa na nafasi lichukue. Kalamu ya rangi yoyote. Pale kwenye jina langu ongeza: mbuzi mmoja, beberu, mweusi. Ile sala usiifute. Nayo niliitoa.

Msalimie wifi. Mwambie mama dawa za presha asizimeze asubuhi bila kula.

Mdogo wako.