Breka ya nyumbani haifai kwenye kombaina ya sola

Mhariri,

Kisanduku cha kombaina, yaani kile kinachounganisha nyaya za safu za paneli za sola, kinapoungua kwenye pampu ya kisima, lawama hupewa radi. Kifungue kwanza. Mara nyingi ndani mna breka ya AC, ile ile ya nyumbani, imewekwa kwa kuwa ni rahisi.

Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo ndipo cheche ya breka huzimika. Wa paneli haupiti sifuri. Cheche ikiwaka huendelea hadi plastiki inayeyuka. Breka iandikwe DC, yaani ya umeme wa aina ya paneli, na ukiona alama za + na − zifuate, maana ya aina hiyo ikifungwa kinyume haizimi cheche.

Kosa la pili ni la volti. Chukua paneli 30 za wati 550, safu 3 za paneli 10 zilizoungwa mfululizo. Paneli ikiwa na volti 49.8 bila mzigo, safu ni 498, na mnunuzi anaridhika na vifaa vya volti 500. Basi avifunge Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu za Njombe, alfajiri ya Julai, nyuzi 5! Volti hupanda kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi chini ya 25, safu inafika 525. Vya volti 1,000 ndivyo salama, kikinga radi kikiwemo.

Safu 2 kwa kawaida hazihitaji fyuzi. Zikiwa 3, yenye hitilafu husukumiwa umeme na wenzake: kila safu hutoa ampea 14, mara 2 ni 28, ilhali kibandiko cha nyuma ya paneli hizi kinaruhusu 25. Fyuzi ianzie mara 1.5 ya 14, yaani 21, isivuke kibandiko. Hapo ni ya 25, aina ya gPV, fyuzi maalumu ya sola. Swichi kuu hubeba safu zote 3, yaani 42; mara 1.25 ni 52.5, chukua ya 63.

Kisanduku kikae kivulini, nyaya ziingilie chini. Waya wa kikinga radi kwenda ethi uwe mfupi, usizidi nusu mita hadi kwenye baa ya ethi. Kabla ya kutia fyuzi pima kila safu kwa mita: volti zikaribiane, + iwe + kweli. Na jua likiwaka usivute kishikio cha fyuzi kabla ya kuzima inveta na swichi kuu. Hakikuundwa kukata mzigo, na cheche yake hutokea mbele ya vidole.

Fundi sola,
Njombe